Blackpool kwa siku mbili: pa kulipa na pa kupita tu

Anayekwenda Blackpool kuogelea atarudi na kinyongo. Maji ya Bahari ya Ireland hapo yana rangi ya chai ya maziwa, kwa kuwa mawimbi hayaachi kuvuruga mchanga na tope. Katikati ya Agosti joto lake ni kama nyuzi 16 au 17 tu, na upepo wa magharibi hauna likizo. Waliojenga mji huu walilijua hilo tangu mwanzo. Ndiyo maana karibu kila chenye thamani Blackpool kiko chini ya paa, au kimesimama juu ya nguzo za chuma, au kinawaka umeme. Bahari ni ya kutazama. Mgeni akilikubali hilo kabla ya kukata tiketi, atajua pa kutoa pesa na pa kupita tu.

Mji uko Lancashire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, una wakazi kama 140,000, na umeelekea machweo moja kwa moja. Reli ilifika mwaka 1846, na ikaleta wafanyakazi wa viwanda vya pamba. Walikuja kwa zamu: mji mmoja wa viwanda ulizima mashine wiki hii, mwingine wiki ijayo, hivyo Blackpool ilipokea sura mpya majira yote ya joto. Wageni wale walikuwa na siku chache na akiba ndogo, na hakuna aliyewahakikishia jua. Mnara, kumbi na magati ya starehe yanayoingia baharini yalijengwa kujibu shida hiyo: mvua ikianza saa 4 asubuhi, mtu aingie mahali kwa tiketi moja na asijute hadi usiku.

Tuanze na Mnara, kwa sababu ndipo watu wanapokosea zaidi. Ulifunguliwa tarehe 14 Mei 1894, una urefu wa mita 158, na waliouchora walikuwa na Mnara wa Eiffel akilini. Tofauti ni kwamba miguu ya huu wa Blackpool imefunikwa na jengo kubwa la matofali, na ndani ya jengo hilo ndimo mali ilimo. Tiketi huuzwa vipande vipande: kupanda juu, ukumbi wa dansi, sarakasi, zipo pia za pamoja. Familia nyingi hununua ya kupanda juu peke yake, hupanda lifti, husimama kwenye sakafu ya kioo, hupiga picha, na baada ya muda mfupi zimeshashuka. Siku ya anga safi utaona milima ya Lake District upande wa kaskazini na, kwa bahati, Kisiwa cha Man baharini. Siku ya ukungu umelipia kuona ukungu. Tena upepo ukizidi, juu hufungwa. Tiketi ya mtandaoni ya mapema huwa nafuu kuliko ya mlangoni, lakini soma kwanza masharti ya kubadilisha siku. Hali ya hewa ya pwani hii haisomeki wiki moja kabla.

Mwenye pesa ya kitu kimoja tu mjini na aingie ukumbi wa dansi. Aliyeuchora ni Frank Matcham, bingwa wa majumba ya maonyesho wa enzi ya Malkia Victoria, na ulifunguliwa 1899. Sakafu yake ni vipande 30,602 vya mbao za mkangazi, mwaloni na mjozi. Moto wa Desemba 1956 uliiteketeza, ikatengenezwa upya, na ukumbi ukafunguliwa tena 1958. Juu ya jukwaa umeandikwa mstari wa Shakespeare unaoahidi kuliroga sikio la msikilizaji, na kinanda cha Wurlitzer huitimiza ahadi hiyo: huchomoza kutoka chini ya jukwaa, mpigaji ameshakaa na muziki umeshaanza. Reginald Dixon alikuwa mpigaji wa ukumbi huu kuanzia 1930 hadi 1970, na mtindo wake wa kuchapa mdundo mkavu, unaofuatika kwa miguu, bado ndio unaosikika humo.

Si lazima ujue kucheza. Kuna meza pembeni, chai na keki, na balkoni za kukaa na kutazama. Ukiamua kuingia sakafuni, kumbuka mambo mawili. Wachezaji huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Wenye kasi hushika ukingo, wanaojifunza hukaa karibu na katikati. Anayesimama ukingoni kupiga picha atagongwa na wazee wa miaka themanini wanaokwenda kasi kuliko yeye. La pili ni viatu: soli ya mpira hung'ang'ania mbao, mwili ukageuka na goti likabaki. Soli ya ngozi au laini ndiyo inayofaa. Na kabla ya kufunga safari hakikisha siku yako haijaangukia mashindano au shughuli maalumu, maana hapo ukumbi huwa hauko wazi kama kawaida.

Sarakasi iko kati ya miguu minne ya Mnara, na imekuwapo tangu siku ya kufunguliwa. Wanyama waliondolewa 1990. Kinachobaki kuwa cha pekee ni mwisho wa onyesho, uwanja unapozama na kujaa maji mbele ya macho ya watoto. Nje, upande wa pili wa barabara, kuna kitu cha bure kinachopitwa na wengi bila kuinamisha kichwa: Comedy Carpet, sakafu kubwa ya mawe iliyowekwa 2011, iliyojaa maneno ya wachekeshaji. Anayekijua Kiingereza vizuri atakaa hapo nusu saa. Asiyekijua ataona herufi tu.

Magati ni matatu na hayafanani. La kaskazini ni la 1863, kazi ya mhandisi Eugenius Birch, na ndilo tulivu: viti, mbao, bahari inayoonekana kwenye nyufa chini ya miguu. La kati, la 1868, lina gurudumu kubwa la bembea na kelele. La kusini, la 1893, ni la michezo ya kutikisa tumbo. Kwa matembezi chagua la kaskazini. Visigino vyembamba hunasa kwenye nyufa za mbao, na funguo ikidondoka hapo imekwenda.

Kuhusu ufuko wenyewe, kosa kubwa ni kutoangalia ratiba ya maji. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa hupita mita 8. Maji yakijaa, sehemu ya katikati ya mji haina mchanga kabisa. Mawimbi hupiga ukuta na familia zilizokuja na ndoo na vijiko hubaki zimekaa kwenye ngazi za zege. Maji yakipwa, mchanga hutandazika mbali sana na kufika majini ni safari. Muda mzuri kwa watoto ni saa mbili hadi nne baada ya maji kujaa, yakiwa yanarudi nyuma: mchanga ni mbichi, unashikamana, na hakuna hatari ya kuzungukwa na maji. Usipange vitu chini ya ukuta wakati maji yanapanda. Mkondo huchimba mashimo kuzunguka nguzo za magati, na maji yake huonekana ya kifundo cha mguu kumbe ni ya kiunoni. Kuogelea kama ni lazima, iwe mbele ya waokoaji, na baada ya mvua kubwa acha kabisa siku moja au mbili: mifereji ya mvua na ya maji taka katika miji mingi ya Uingereza ni ya pamoja, na ikizidiwa hufungulia baharini. Kuna mbao za matangazo na taarifa za mtandaoni za hali ya maji. Zitazame asubuhi ileile.

Punda wa ufukweni wana utaratibu wao, unaotokana na kanuni za mwaka 1942: kazi ni saa 4 asubuhi hadi saa 1 jioni, saa moja ya mapumziko ya mchana, na Ijumaa ni siku yao ya kupumzika. Mtoto uliyemwahidi punda siku ya Ijumaa utamlipa kwa kitu kingine.

Pleasure Beach, bustani ya michezo iliyo upande wa kusini, inahitaji hesabu kabla ya hisia. Ilianza 1896 na haiko pamoja na Mnara. Ni tiketi tofauti, tena ndiyo pengine itakayokula fungu kubwa la bajeti yako. Hulipii mchezo mmoja mmoja, unalipia siku nzima. Kwa hiyo mtu asiyepanda vya kutisha asiingie kwa ajili ya kuwashikia wenzake mikoba. Pima watoto kimo nyumbani, wakiwa na viatu watakavyovaa, na ulinganishe na kimo cha kila mchezo kilichoandikwa mtandaoni. Sentimita mbili pungufu ni machozi mlangoni, na wahudumu hawabembelezeki. Big One, treni ya kupanda na kuporomoka iliyofunguliwa 1994 ikiwa na kimo cha mita 65, ndiyo inayoonekana kutoka kila kona ya mji, na ndiyo ya kwanza kusimamishwa upepo ukivuma. Panga foleni yake mara tu milango inapofunguliwa, usiiweke ya mwisho.

Lakini hazina ya mahali hapo ni treni za aina hiyo zilizojengwa kwa mbao. Big Dipper ni ya 1923. Grand National ni ya 1935, na ufundi wake unastahili kuangaliwa hata na asiyepanda: treni mbili huondoka pamoja kwa mashindano, moja kushoto, moja kulia, na zinaporudi kila moja huingia upande usio wake. Hakuna swichi iliyobadilisha njia. Zile zinazoonekana kuwa reli mbili ni reli moja ndefu iliyojizungusha, kwa hiyo mzunguko mmoja wa treni ni nusu tu ya reli. Mbao hutikisa vibaya, hasa kiti cha mwisho kabisa. Mwenye mgongo mbovu akae katikati ya behewa, mbali na magurudumu. Ndege za kuning'inia za Hiram Maxim, za 1904, ni pole na zinafaa kwa bibi na mjukuu. Valhalla, mchezo wa maji, hulowesha mtu hadi soksi, kwa hiyo iache hadi mwisho au beba nguo kavu. Bustani hufungwa miezi ya baridi.

Kuingia mjini kwa treni kuna njia mbili, na wageni huzichanganya. Kutoka London Euston safari ni kama saa tatu, mara nyingi kwa kubadilisha treni Preston. Hapo Preston reli hugawanyika: moja huenda Blackpool North, ya umeme, yenye treni nyingi, chini kidogo ya nusu saa, nyingine huenda Blackpool South, njia moja tu, treni kama moja kwa saa. Anayekwenda Mnara ashuke North. Anayekwenda moja kwa moja kwenye michezo achukue ya South na ashuke stesheni ya Blackpool Pleasure Beach, iliyo mlangoni kabisa. Akiikosa, asikae kuisubiri nyingine kama ya North inaondoka: apande hiyo, kisha tramu. Kwa gari, barabara ya M55 hukuleta hadi mjini, na njia ya Yeadon Way inayokuingiza kwenye maegesho ya katikati ilijengwa juu ya tuta la reli ya zamani, iliyofungwa miaka ya 1960.

Tramu ndiyo huduma bora ya umma katika mji huu, nasi hatusiti kusema ni bora kuliko vivutio kadhaa vinavyolipiwa. Ya kwanza ilitembea Septemba 1885. Miji mingine ya Uingereza ilipong'oa reli zake katikati ya karne iliyopita, Blackpool ilikataa. Njia ina urefu wa kilomita 18, kutoka Starr Gate kusini hadi Fleetwood kaskazini, na ilijengwa upya ikafunguliwa 2012 kwa magari mapya yenye sakafu ya chini; mwenye kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto anaingia bila kuinua kitu. Tangu Juni 2024 tawi lake hufika stesheni ya North. Unalipa ndani kwa kondakta, taslimu au kwa kugusisha kadi. Ukitarajia kupanda mara tatu au zaidi, omba tiketi ya kutwa mara ya kwanza tu, kwa sababu nauli za safari mojamoja hazirudishwi ukishtuka jioni.

Sasa taa, ambazo kwa maoni yetu ndizo sababu nzuri kuliko zote ya kuja. Mwaka 1879 mji uliwasha taa nane za umeme ufukweni, wakati watu wengi hawajawahi kuona hata moja. Leo ni karibu kilomita 10 za taa, kuanzia mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba hadi mapema Januari, bila kiingilio. Mantiki yake ilikuwa ya kibiashara: majira ya joto yakiisha, wageni waongezewe sababu ya kubaki. Watu wengi huzitazama kutoka ndani ya gari, wakianzia Starr Gate, na Jumamosi au wiki ya likizo ya shule ya Oktoba hukaa kwenye foleni wakitazama taa za breki za aliye mbele. Njoo Jumatatu hadi Alhamisi. Acha gari, panda tramu hadi Bispham, upande wa kaskazini, kisha rudi kwa miguu kuelekea Gynn Square. Kipande hicho ndicho chenye picha kubwa zinazocheza kwa taa, na ukiwa kwenye gari zinakupita zikiwa nusu sentensi. Vaa koti la upepo, si mwavuli. Mwavuli hapo hupinduka kabla hujamaliza kuufungua. Siku za kazi taa huzimwa mapema kuliko mwisho wa wiki, kwa hiyo tazama ratiba kabla ya kukaa kula.

Kuhusu kula: samaki na chipsi, basi. Maduka ya mstari wa mbele hulipisha mandhari. Nenda mitaa miwili nyuma. Sehemu za kaskazini ya Uingereza wengi hukaangia mafuta ya ng'ombe, ambayo hufanya ganda liwe kavu na la kuvunjika, lakini kwa asiyekula nyama, au anayetaka halali, ni swali la kuuliza kabla ya kulipa. Njegere zilizopondwa ni njegere kavu zilizolowekwa usiku kucha na magadi. Zikiwa za kijani kikali kama rangi ya ukuta, ni rangi kweli. Ukila nje, egemea ukuta. Shakwe huja kutoka nyuma, juu ya bega, na huchukua kipande kizima cha samaki mara moja.

Peremende ya fimbo yenye jina la mji ndani yake ndiyo zawadi ya kubeba, na ukipata duka linalotengeneza mbele ya wateja, simama utazame. Sukari na glukosi huchemshwa hadi karibu nyuzi 150, humwagwa kwenye meza, na sehemu yake huvutwa na kukunjwa hadi iwe nyeupe kwa hewa. Herufi hujengwa kwa vipande virefu vya rangi. Zile za mraba hutangulia kwa kuwa hustahimili kusubiri. Za duara kama O huachwa mwisho, zisije zikalegea na kuwa yai. Bonge zima, nene kama gogo, hufunikwa ganda la waridi, kisha huvutwa hadi unene wa kidole huku herufi zikipungua nalo. Kabla ya kununua tazama ncha ya fimbo: herufi zikisomeka vizuri, fundi alikuwa na mkono mtulivu. Isipofungwa vizuri huvuta unyevu na kunata kwenye karatasi.

Kumbi za mashine zimejaa mstari mzima. Mashine za kusukuma sarafu za peni 2 ni burudani ya bei nafuu kwa mvua: pauni 1 ni sarafu 50. Badilisha pauni 2, weka kwenye kikombe, na kikiisha imeisha. Sarafu zinazodondokea pembeni si zako. Humo ndimo mwenye mashine anamopatia riziki.

Malazi ndiyo sehemu ya kuwa mkali. Kuna gesti nzuri, safi, zinazoendeshwa na familia, na mlango wa pili yake kuna kitanda chenye bonde katikati. Nyumba nyingi ni za orofa tatu au nne bila lifti, na chumba cha bei ya chini kabisa ndicho cha juu kabisa. Uliza kwa maandishi: orofa ya ngapi, bafu liko ndani au koridoni, maegesho yamehifadhiwa au ni wa kwanza kufika, na kama wanapokea makundi ya kuaga ukapera. Jibu la "hapana" kwa swali la mwisho ndilo usingizi wako. Mitaa ya kaskazini ya gati la kaskazini huwa na utulivu kuliko ya nyuma ya gati la kati. Tazama tarehe za picha na maoni, usilipe yote mapema kwa mahali usipopajua, na ujue kuwa chumba cha Jumanne na cha Jumamosi ya taa ni bei mbili zisizojuana.

Utakapotembea mitaa ya nyuma utaona pia upande mwingine. Safari za ndege za bei nafuu kwenda Hispania zilipowachukua wateja, gesti nyingi ziligeuzwa vyumba vya kupangisha vya bei ya chini, na vipimo rasmi vya umaskini vya 2019 viliiweka Blackpool mwanzoni kabisa mwa orodha ya Uingereza. Hilo halimhatarishi mgeni kuliko mji mwingine wowote wenye baa nyingi, ila usiku wa Jumamosi katikati ya mji haufai watoto.

Asubuhi ya siku ya pili, wakati wenzako wanapanga foleni kwenye Mnara, tumia tiketi ya kutwa ya tramu hadi Fleetwood, mwisho wa reli. Tramu huacha ufuko, huingia barabarani katikati ya maduka, na karibu na kituo cha mwisho hupita chini ya Pharos, mnara wa taa wa 1840 uliosimama katikati ya nyumba za watu. Mwenzake mfupi uko ufukweni. Nahodha anayeingia mlango wa mto Wyre usiku huzilinganisha: taa ya juu ikikaa wima juu ya ya chini, yuko kwenye mkondo wenye kina, ikihama upande, anageuza usukani.